Kiti cha kinga kinacholegea kila wiki



Wiki tatu zilizopita mama mmoja wa likelemba yetu hapa Kalemie alianguka na kinga akirudi kutoka kijijini, barabara ya Nyunzu. Alikuwa na mtoto mgongoni. Hakugongwa na gari, wala breki hazikukatika. Ni kiti kilichomtupa. Alipoanza kushuka mteremko, kiti kiligeuka ghafula upande wa kushoto, naye akageuka nacho. Mtoto alichubuka kwenye paji la uso, mama akaumia goti, na nusu gunia la unga wa muhogo likamwagika kwenye vumbi. Mungu alisaidia, hakuna mfupa uliovunjika.

Jina lake silitaji. Kwa kuwa ana mapacha, sisi tunamwita Mama Mapasa tu. Alipokuja kunieleza alikuwa bado anachechemea, lakini kilichonishangaza si goti. Ni neno alilosema: "Madamu, kile kiti nilikuwa nimekikazisha asubuhi ileile."

Alikuwa anakikazisha kila wiki. Fundi wa njiani anachukua kle, anakaza, anapokea franka 500, na mama anaondoka. Baada ya safari mbili kiti kinaanza tena kucheza. Tukahesabu pamoja kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari: miezi mitatu, wiki 12, franka 6.000. Kwa pesa hiyo angenunua bulo mpya nne, na kiti bado kililegea. Sasa mtu alikuwa amemshauri akipeleke kwa mtu wa kusude, kichomelewe moja kwa moja na kadre, shida iishe. Alikuwa anakuja kuniomba nimkopeshe pesa ya hiyo kazi.

Nikamwambia: pesa ninayo, lakini kwa kazi hiyo sikupi.

Nina sababu. Kinga ya marehemu baba yangu, ya zamani, yenye kadre nzito nyeusi, ilichomelewa hivyohivyo. Mwaka wa kwanza tulifurahi. Halafu kaka yangu aliporefuka hakuweza kupandisha kiti, na mimi niliyekuwa mfupi sikuweza kukishusha. Kinga ikawa ya mtu mmoja tu ndani ya nyumba ya watu wanane. Mwaka wa pili kadre ikapasuka palepale chini ya kiti. Kadre za zamani mabomba yake yameunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, ndani ya vile vipande vya chuma vinavyofunika maungio. Moto wa umeme wa mtu wa kusude ni mkali kuliko shaba inavyoweza kuvumilia. Maungio yanakuwa dhaifu, na shaba ikichanganyika na chuma cha kuchomelea, mshono unapasuka. Tuliuza kinga ya baba kama chuma chakavu, kwa kilo.

Kwa hiyo Jumamosi Mama Mapasa alileta kinga yake uwanjani kwangu, na nikamwomba Papa mmoja jirani, aliyetengeneza kinga tangu zamani za Zaire na sasa anapumzika, aje kukaa nasi. Alikubali kwa sharti moja: yeye angeongea tu, mikono iwe yetu. Tuliyofanya siku ile ndiyo ninayaandika hapa, kwa sababu ninajua kinga zenu nyingi ni za umri uleule, na wengi wenu mnabebea mtoto juu yake.

(Wanafunzi wangu wakisoma kitabu kilichotoka Tanzania wanakuta "kinga" maana yake ni kuzuia ugonjwa, wanacheka darasa zima. Basi leo tuzungumze kinga kwa maana zote mbili.)

Jambo la kwanza Papa alituuliza: "Kinalegea wapi?" Sisi tukajibu, kwenye kiti. Akacheka. Kiti cha kinga ya zamani kinafungwa mahali pawili, na watu wengi wanakaza pale pasipo na kosa. Pa kwanza ni juu kabisa, chini ya ngozi ya kiti, pale kiti kinaposhika kichwa cha bomba lake. Pana kipande cha chuma chenye ekru mbili, moja kushoto, moja kulia. Pa pili ni chini yake, pale bomba la kiti linapoingia ndani ya kadre. Hapo mdomo wa kadre umepasuliwa kwa nyuma na mtengenezaji mwenyewe, na kila upande wa mpasuko kuna sikio lenye tundu. Bulo moja inapita kwenye masikio yote mawili. Ukikaza bulo, masikio yanakaribiana, mdomo unabana bomba kama mkono unavyobana mpini wa jembe.

Namna ya kujua ni wapi, tunayo kila siku darasani: chaki. Pangusa bomba, chora mstari mmoja wa kulizunguka palepale linapoingia kwenye kadre, halafu mstari mwingine wa kusimama unaoanza kwenye bomba na kushuka hadi kwenye kadre. Panda, zunguka mtaani, pita kwenye mashimo. Ukirudi, tazama. Kama mstari wa kuzunguka umezama ndani, bomba linateremka. Kama mstari wa kusimama umekatika, kipande cha juu kimekwenda kando, bomba linazunguka. Kama mistari yote iko sawasawa lakini pua ya kiti imeinama au imeinuka, basi bomba halina kosa, shida ni zile ekru mbili za juu.

Kwa Mama Mapasa mstari wa kusimama ulikatika kabla hajafika kwenye kona ya bomba la maji. Upana wa kidole kizima.

Papa akasema tulegeze ekru ya nyuma tuchomoe kiti na bomba lake. Tulitumia kle ya 13. Kinga nyingine zinataka ya 14, na zile za Kiingereza za zamani sana zina vipimo vyao vya inchi ambavyo kle zetu hazishiki vizuri, hapo ni afadhali ile kle ya kufungua na kufunga mdomo kuliko kuharibu pembe za ekru. Hapa tukakutana na shida ndogo ambayo huenda imewakuta pia: ekru inazunguka na bulo nzima inazunguka nayo. Bulo ya asili ya mahali hapa ina kijino kidogo chini ya kichwa, kinachoingia kwenye pengo la sikio ili bulo isizunguke. Kijino kikilika, shika kichwa cha bulo na kle ya pili au koleo.

Bomba halichomoki kwa kupigwa nyundo kutoka chini. Unashika kiti kwa mikono miwili, unazungusha kushoto na kulia huku ukivuta juu, polepole. Kama kutu imeshika, weka matone ya mafuta pale mdomoni, ulaze kinga mpaka kesho. Letu lilitoka mara moja, tena kwa urahisi mno. Papa akatikisa kichwa: "Mmeona? Bomba hili si la kadre hii."

Hapo ndipo ilipokuwa sababu yote. Mabomba ya kiti yanafanana kwa macho lakini hayako sawa. Kuna ya milimita 25, ya 25,4 ambayo ni inchi moja kamili, ya 26, ya 27,2, na mengine. Mtu fulani, labda yule aliyemuuzia Mama Mapasa kinga sokoni, alivunja bomba la kwanza akaweka jingine jembamba kidogo. Tofauti ni chini ya nusu milimita, lakini ili mdomo ubane bomba jembamba, lazima masikio yakaribiane zaidi. Kila wiki fundi alikaza, kila wiki yalikaribiana, mpaka siku moja yakagusana. Tangu siku hiyo, hata angekuja mtu mwenye nguvu za ng'ombe, kle yake ingebana sikio na sikio, si bomba. Bulo inavutika, inakonda, fundi anahisi imekaza, na kiti kinabaki huru.

Wamama, hapa ndipo ninapotaka mshike kalamu. Tazameni nyuma ya kinga yenu leo. Kama kati ya masikio mawili hamuoni mwanga, msimruhusu mtu yeyote akaze tena. Kila franka 500 mnayotoa ni ya kuharibu.

Tulifuta ndani ya mdomo wa kadre na kitambaa, tukafuta bomba kwa msasa mpaka kutu ikatoka. Papa akatuagiza kutazama kwa makini mizizi ya masikio na mwisho wa mpasuko, maana ufa unaanzia hapo. Ufa unaonekana kama unywele mweusi au mstari mwembamba wa kutu unaorudi hata ukifutwa. Hatukuuona. Tungeuona, kazi ingekoma pale: kadre yenye ufa haipandwi, inapelekwa kwa fundi anayejua kuunga kwa gesi na fimbo ya shaba, si kwa umeme.

Kisha tukafungua masikio kidogo. Papa alituonyesha kuingiza turnevisi bapa kwenye mpasuko na kuizungusha taratibu, kidogo huku, kidogo huku, mpaka mwanga ukarudi. Chuma kile ni cha zamani, hakipendi haraka.

Sasa tulihitaji kuongeza unene wa bomba. Dawa bora ni kununua bomba la kipimo chake, na kama mtalipata sokoni, chukueni kadre mwende nayo mlijaribishe, msikubali kununua kwa macho. Jumamosi ile hatukulipata. Ndipo tukatumia kopo la soda.

Lakini tabaka ngapi? Papa angepima na chuma chake cha kupimia, ila alikuwa amekiuza zamani. Mimi nikafikiria karatasi ya daftari. Bati la ubavu wa kopo la soda lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na karatasi ya daftari haiko mbali na hapo. Tukakata utepe wa karatasi, tukauzungushia bomba mara moja, tukajaribu kuingiza: likacheza. Mara mbili: likaingia kwa kusukuma kidogo, bila kucheza. Mara tatu: likakataa. Basi tabaka mbili. Papa alinitazama kwa muda bila kusema kitu, halafu akasema, "Kumbe shule inasaidia." Nimelihifadhi neno hilo kwa wazazi fulani.

Tukakata kopo kwa mkasi. Angalieni vidole, ukingo wa bati ni wembe, na watoto wakae mbali. Vipande viwili, kila kimoja urefu wa sentimita 5 na upana wa kulizunguka bomba mara moja bila ncha zake kupandana. Kwa bomba kama lile ni karibu sentimita 8 pungufu kidogo. Tukavisugua ili rangi itoke, tukavizungushia bomba kimoja juu ya kingine, nafasi zake zikielekea nyuma kwenye mpasuko wa kadre.

Tukakosea. Tulipoingiza bomba, vipande viliteleza vikazama vyote ndani ya kadre, tukabaki tunasikia sauti yake tu, kwa-kwa-kwa, chini kabisa. Tuligeuza kinga miguu juu, tukaitikisa wanawake wawili kama wanaopepeta mchele, mpaka vikatoka. Papa alikuwa anajua tangu mwanzo, mzee mkorofi yule. Akasema: kateni meno madogo kwenye ukingo wa juu, mkunje kwa nje kama petali za ua, yakae juu ya mdomo wa kadre. Tulifanya hivyo, na mara hii vikakaa.

Bulo ya zamani tuliitupa. Tulikuwa tumeijaribu: ekru ilitembea vizuri kwenye nyuzi zake, halafu ikagoma katikati. Ndivyo ilivyo bulo iliyovutika, nyuzi zake haziko tena na nafasi moja. Tukanunua mpya yenye unene wa milimita 8, kichwani imeandikwa 8.8. Namba hiyo inaonyesha nguvu ya chuma chake, na wauza vipuri vya pikipiki wanazo. Ilitugharimu franka 1.500. Bulo laini isiyoandikwa kitu inavutika tena baada ya mwezi, na wale wanaoweka msumari uliokunjwa wanacheza na meno yao ya mbele. Tulitia tone moja la mafuta kwenye nyuzi, na rondeli chini ya ekru.

Kabla ya kukaza, urefu. Bomba lazima liingie ndani ya kadre angalau vidole vinne, yaani karibu sentimita 7. Vijana warefu wanapandisha kiti mpaka kinabaki kimeshikwa na vidole viwili tu, na uzito wa mtu unakuwa kama mtaimbo unaopasua mdomo wa kadre. Kwa mama mwenyewe, kipimo ni hiki: ukae kitini, uweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litabaki limekunjika kidogo. Mama Mapasa alikuwa amekaa chini mno muda wote huu, na maumivu ya magoti aliyodhani ni ya umri, sasa anasema yamepungua.

Kukaza kwenyewe kulichukua muda mfupi. Kle ya kawaida, mkono mmoja, bila kuongeza bomba refu kwenye mpini. Kisha unashika kiti mbele na nyuma, na kujaribu kukizungusha kwa nguvu zako. Kikizunguka, ongeza robo ya mzunguko, jaribu tena. Chetu kilikataa kwenye jaribio la tatu, na kati ya masikio mwanga ulikuwa bado unaonekana.

Zile ekru mbili za juu nazo tulizigusa, ingawa kosa halikuwa pale. Zinakazwa kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo. Ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine, kiti kinakaa kombo. Ndani mna visahani vyenye meno vinavyoshikana, na vikilika, pua ya kiti inainuka na kuinama kila ukipita shimo. Hapo hakuna bati wala karatasi, unanunua kipande kipya. Na pua yenyewe iwe sawa na ardhi. Niseme wazi kwa kuwa tuko wanawake: pua iliyoinuka inatubana mahali ambapo tunaona haya kumwambia fundi, mpaka pakufe ganzi, na wengine wanafikiri wana ugonjwa. Weka daftari juu ya kiti, tazama kama limelala sawa.

Bati la kopo si dawa ya milele. Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja kwenye unyevu vinakulana na kushikana, na mvua zetu mnazijua. Tumepatana na Mama Mapasa achomoe bomba mwanzo wa mvua na mwisho wa mvua, afute, atazame, abadili bati likiwa limechakaa. Na akipata bomba la kipimo kamili, bati alitupe.

Jumanne alikwenda kijijini. Mapacha aliwaacha kwangu, mdogo akambeba mgongoni kama kawaida. Nilimchorea mstari wa chaki alfajiri, kabla hajaondoka. Alirudi saa kumi za jioni na gunia zima nyuma, akaegemeza kinga kwenye mwembe, akaniita kabla hata ya kushusha mzigo. Tukainama wote wawili. Mstari ulikuwa na vumbi, lakini ulikuwa mmoja, kutoka bomba mpaka kadre, bila kukatika.

Akaomba chaki ya kwenda nayo. Nilimpa vipande viwili kutoka kwenye boksi la darasa, na direktere akihesabu, nitajibu mwenyewe.